Ghala letu liko Leipzig

Nilipohamia Newala kutoka Masasi, chumba kipya hakikutosha. Mzee mmoja jirani akanipa stoo yake niweke kitanda na masanduku, na ufunguo akanikabidhi.

Nikamkumbuka Karl Weule. Mwaka 1906, Vita vya Majimaji (1905–1907) vikiwa havijaisha, Mjerumani huyu alizunguka Masasi na Newala akikusanya vyombo na vinyago kwa ajili ya jumba la makumbusho la Leipzig. Vingi alivinunua, sawa. Lakini jamani, watu walio chini ya mkoloni, tena wakati wa vita, wana ubavu gani wa kukataa bei?

Vyombo vya mababu vimehifadhiwa, sikatai. Swali langu ni moja tu: ufunguo anao nani?