Patsha Bay ndani ya "Viva Riva!": muimbaji aliyetufanya tupende mtu wa magendo

Mkaaji wa Nyabiondo hana lazima ya kufasiriwa filme hii. Barabara ya Goma, Sake na Masisi ikifungwa, esanse inakuwa shida, motari anapandisha bei, mashine ya kusaga inanyamaza. Na kila mara kuko mtu mwenye mabidoni nyumbani kwake anayekuambia kwamba imeisha. "Viva Riva!", filme ya mwaka 2010, inaanza na shida ile ile, ila ni ndani ya Kinshasa.

Riva anarudi Kinshasa baada ya miaka kumi Angola. Ana kamio ya esanse aliyoiba kwa wakubwa wake wa kule, na mji mzima umekauka. Kila siku inayopita, bei inapanda, na yeye anazidi kuwa tajiri bila kufanya kitu. Badala ya kujificha anaingia kwenye mabaa, anatoa pesa kushoto na kuume. Hapo anamuona Nora, mwanamke wa Azor, jambazi mkubwa wa mtaa. Anamutaka. Wakati huo César, bwana wa esanse iliyoibiwa, amekwisha kuvuka mpaka na watu wake kumutafuta.

Sasa tazama ugumu wa kazi ya muchezaji. Riva ni mwizi, na ni mmoja wa wale wanaotufichia esanse. Kama angechezwa na mtu wa sura ngumu tungengojea tu akamatwe. Patsha Bay Mukuna amemupa kicheko cha mtoto. Anacheka mbele ya hatari, anacheka akimufuata Nora. Lakini mbele ya wazazi wake, sura inabadilika: unaona kijana aliyepotea miaka mingi na ambaye pesa haiwezi kumurudisha nyumbani. Kwangu mimi, sehemu ile inapita bunduki zote za filme.

Mbele ya hapo Patsha Bay alijulikana kama muimbaji. Kwetu Kongo hiyo si ajabu. Mwaka 1987, Papa Wemba alicheza Kourou katika "La vie est belle", filme ya Mwezé Ngangura, mzaliwa wa Bukavu, na Mbelgiji Benoît Lamy. Kourou naye anatoka mbali, anaingia Kinshasa, anapenda Kabibi ambaye mtu mwenye pesa anamutaka pia. Ni karibu hadithi moja, isipokuwa Kourou alikuja na muziki na Riva alikuja na magendo. Ile ya 1987 inachekesha. Hii ya 2010 inaua. Papa Wemba aliaga dunia 2016 akiwa jukwaani Abidjan, na mpaka leo kuko watu wanaokumbuka Kourou kuliko nyimbo zingine zake. Muimbaji amezoea kusimama mbele ya watu na kuwashika kwa macho. Kamera inataka kitu hicho hicho, lakini kwa sauti ya chini.

Lakini Patsha Bay hakubeba kamio hii peke yake. César amechezwa na Hoji Fortuna, Mwangola mzaliwa wa Luanda. Anavaa suti nyeupe katikati ya vumbi, anaongea pole pole, anadharau Kinshasa waziwazi. Hapandishi sauti, na ndio maana anatisha. Marlene Longange amecheza kamanda mwanamke ambaye César anamulazimisha amusaidie, kwa sababu amemushikia dada yake. Kamanda huyo anakosa kila mara, na kila mara unamuelewa.

Katika zawadi za sinema ya Afrika, AMAA, mwaka 2011 kule Nigeria, filme ilibeba sita: filme bora, mtengenezaji bora, picha, mapambo, na mbili kwa wachezaji wa pembeni, yaani Hoji Fortuna na Marlene Longange. Riva mwenyewe hakupata. Naona walimukosea kidogo: César anawaka kwa sababu kuko mtu mbele yake anayecheka. Mwaka huo huo MTV ya Marekani iliichagua filme bora ya Afrika.

Mtengenezaji wake, Djo Tunda Wa Munga, alizaliwa Kinshasa mwaka 1972, akakulia Ubelgiji na kusoma sinema Brussels kwenye INSAS. Alirudi, akaanzisha nyumba ya Suka! Productions. Alichukua wachezaji wengi ambao sura zao hazikujulikana, na hiyo imesaidia: hatuangalii nyota, tunaangalia watu wa mtaa.

Onyo moja kwa wazazi. Filme hii ina damu na ina mambo ya kitandani yasiyofichwa. Si ya kuangalia na watoto, na sikushauri uiangalie na mkwe wako. Mwenye nyumba ya video aiweke usiku, watoto wakiisha kulala.

Wanaongea Lingala na Kifaransa. Lingala tunaisikia hapa kupitia muziki na askari, kwa hiyo vijana wengi watafuata. Mzee asiyeisikia amuombe kijana mmoja akae pembeni yake amufasirie César na kamanda. Riva akicheka, hata bila kufasiriwa utajua anafikiri nini.