Postinomu yetu inatoka wapi?
Bandugu, mbele ya 1972 Mobutu aliitwa Joseph-Désiré. Mwezi wa kwanza wa mwaka ule akaacha jina hiyo, akakuwa Mobutu Sese Seko, na raia wote wa Zaire wakaambiwa waache majina ya kizungu, washike ya mababu. Kardinali Malula alipinga, akaenda kukaa Roma miezi kadhaa. Kisha 1990, vyama vingi viliporuhusiwa, watu wakarudisha jina ya ubatizo bila kuacha postinomu. Njo maana Wakongomani wengi tuko na majina tatu.

Mimi niko nasoma Kampala. Fomu za huku ziko na nafasi mbili tu, na postinomu yangu, Mugisho, inabakia inje. Kumbe ni yenyewe watu wa huku wanaelewa: kwa Mashi ni baraka, na Wanyankole wanasema Mugisha.

Mwenye kusafiri, omba waandike yote tatu. Diploma ikisema tatu na kadi mbili, utaonekana watu wawili. Mobutu aliilazimisha postinomu, lakini si yeye aliyetupatia. Ilikuwa ya babu zetu mbele yake. Yako inasema nini?