Tunduma na Hofu ya Kukonda

Kwa miaka mingi, mtu aliyekonda ghafla Tunduma hakupongezwa. Alisemwa chini kwa chini. Mji huu wa mpakani ulikua kwa barabara kuu ya Zambia na kwa reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, na malori yalilala hapo yakingoja kuvukia Nakonde, upande wa Zambia. UKIMWI, ulioripotiwa nchini kwa mara ya kwanza mwaka 1983 huko Kagera, ulisafiri kwa njia hizohizo. Utafiti wa kitaifa wa 2003–04 uliukuta Mkoa wa Mbeya, ambao Tunduma ilikuwa sehemu yake hadi Mkoa wa Songwe ulipomegwa mwaka 2016, ukiwa na maambukizi ya asilimia 13.5, karibu mara mbili ya wastani wa Tanzania Bara. Wakati ule unene ulikuwa cheti cha uzima.

Ng'ambo, tangu kabla ya hapo, watu walikuwa wakilipia kukonda.

Mwaka 1976 daktari Mmarekani, Robert Linn, alitoa kitabu cha kuwashawishi wanene waache chakula chote na badala yake wanywe protini ya maji iliyotengenezwa kwa ngozi na kano za mifugo. Kwa siku walipata kalori zisizofika 400, ilhali mtu mzima huhitaji takriban 2,000. Vifo vipatavyo 60 vilihusishwa na vinywaji vya aina hiyo, na waliovichunguza walikuta wagonjwa ambao mapigo ya moyo yalikuwa yamevurugika. Protini ile ilikuwa duni, mwili ukala misuli yake, na moyo nao ni msuli.

Alan Howard wa Chuo Kikuu cha Cambridge alikwenda kwa uangalifu zaidi. Poda yake ilikuwa na protini bora, vitamini na madini, nayo ilijaribiwa kwa wagonjwa kabla ya kuingia sokoni Marekani mwaka 1980 na Uingereza mwaka 1984. Miongo mitatu baadaye, utafiti wa DiRECT wa Uskoti na Tyneside uliwapa wenye kisukari cha aina ya pili mlo wa poda wa kalori 825 hadi 853 kwa siku, kwa miezi mitatu hadi mitano. Baada ya mwaka mmoja, asilimia 46 walikuwa na sukari iliyo chini ya kiwango cha kisukari bila dawa. Jambo la kuzingatia ni kwamba muda wote huo walifuatiliwa na wauguzi au wataalamu wa lishe, na dawa zao zilisimamiwa na madaktari.

Tanzania imebadilika. Utafiti wa 2015–16 uliwakuta asilimia 28 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wana uzito uliopita kiasi, huku asilimia 34 ya watoto wa chini ya miaka mitano wakiwa wamedumaa. Poda na chai za kupunguza mwili sasa zinauzwa madukani na mitandaoni, mara nyingi bila muuguzi wala kipimo.

Anayeuziwa poda ya kuchukua nafasi ya milo yote, awe Tunduma au mji jirani wa Vwawa, aanzie hospitali: apime sukari, presha na moyo. Mjamzito, anayenyonyesha na anayetumia dawa za kisukari wasiiguse bila daktari.