Kadi ya grafiki inazingua? Pima mwenyewe nyumbani kabla hujaambiwa "imekufa"

Kompyuta inawaka, feni zinazunguka, lakini kioo ni cheusi. Au unaedit video ya harusi, ghafla vinatokea vistari na vimraba vya rangi. Kwa mwenye studio Mwanjelwa au mwanafunzi wa Iringa anayechora ramani za majengo, hapo kazi imesimama. Wengi wanakimbilia kununua kadi nyingine, kumbe tatizo lilikuwa waya au vumbi.

Fuata hatua hizi kwa mpangilio. Zinaanza na zisizo na gharama.

1. Anza na vitu vya nje

Hakikisha waya wa monita umechomekwa kwenye kadi yenyewe, siyo kwenye tundu la mazabodi. Kosa hili ni la kawaida sana baada ya kuhamisha mashine. Jaribu waya mwingine, kisha monita nyingine au hata TV ya sebuleni.

2. Piga skrinishoti

Kama kuna vistari kwenye kioo, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na PrtSc, halafu itume picha hiyo kwenye simu yako. Vistari vikionekana na kwenye simu, tatizo lipo kwenye kadi au drayva. Simu ikionyesha picha safi, shuku waya, monita au tundu la kutolea picha.

3. Angalia vinaanza lini

Zima, washa, tazama nembo ya kampuni inayotokea mwanzo. Vistari vikiwepo hapo, kabla Windows haijaanza, basi kifaa chenyewe kina hitilafu. Vikianza baada ya Windows kufunguka, inawezekana ni drayva. Ifute, pakua mpya kwenye tovuti ya NVIDIA, AMD au Intel, uiweke upya. Kosa namba 43 maana yake Windows imeisimamisha kadi kwa sababu imeripoti tatizo. Linaweza kuwa la drayva au la kadi, usikate tamaa mapema.

4. Jaribu bila kadi

Prosesa nyingi zina grafiki ya ndani. Chomoa kadi, chomeka monita kwenye mazabodi. Picha ikija, mashine nzima ni nzima na shaka inabaki kwenye kadi au umeme wake. Angalizo: prosesa za Intel ambazo jina lake linaishia na herufi F hazina grafiki ya ndani, kwa hiyo kipimo hiki hakitafanya kazi.

5. Kagua umeme

Tundu la mazabodi linaipa kadi wati 75 tu. Waya wa pini 6 unaongeza wati 75, wa pini 8 wati 150. Pawasaplai dhaifu au waya uliolegea huifanya mashine ijizime pale gemu au video inapokuwa nzito. Ukiweza, azima pawasaplai ya rafiki ujaribu kabla ya kuilaumu kadi.

6. Safisha

Mbeya na Iringa zipo zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Msongo wa hewa huku ni pungufu kwa takribani asilimia 15 ukilinganisha na Dar es Salaam, hivyo feni inasukuma hewa nyepesi zaidi. Baridi yetu inasaidia kufidia, lakini vumbi la kiangazi likiziba mapezi ya kupozea, faida hiyo inaisha. Kwa kadi nyingi, nyuzi joto 65 hadi 85 wakati wa kazi nzito ni kawaida. Ikipita 90, fungua usafishe.

Chomoa umeme kabisa. Vua sweta kwanza, maana sufu wakati wa ukavu hutengeneza umeme tuli unaoweza kuua chipu. Gusa chuma cha keisi, ndipo ushike kadi kwenye kingo zake. Tumia brashi laini na kipulizio, na uzuie feni kwa kidole zisizunguke. Meno ya dhahabu yasugue taratibu kwa ufutio mweupe wa penseli, kisha futa kwa spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi. Siyo petroli, siyo pombe ya kunywa.

Kama kadi ina miaka kadhaa, badilisha pesti ya kupozea iliyo juu ya chipu. Dawa ya meno haifai, inakauka haraka.

Usioke kadi

Kuna video zinazoonyesha kadi ikiwekwa kwenye oveni "ili risasi iyeyuke". Risasi ya kisasa isiyo na ledi inayeyuka karibu nyuzi 217, na joto hilo linaharibu vipuri vingine huku moshi wake ukibaki kwenye oveni ya chakula. Kadi ikipona, mara nyingi ni kwa siku au wiki chache tu. Mwaka 2008 NVIDIA yenyewe ilitangaza kutenga dola milioni 150 hadi 200 kwa ajili ya chipu za laptopu zilizokuwa zinafeli kutokana na malighafi dhaifu. Ugonjwa wa aina hiyo hauponi kwa jiko.

Wakati wa kwenda kwa fundi

Ukisikia harufu ya kuungua, ukiona kipuri kimevimba, au kadi ikigoma hata kwenye mashine nyingine, mpelekee fundi mwenye mita na mashine ya hewa moto. Mwambie umeshapima nini. Muulize kipuri gani kimekufa na warantii ni ya muda gani.

Ukilazimika kununua ya mtumba, ijaribu kwa programu ya bure ya GPU-Z, ambayo hutambua kadi nyingi feki za NVIDIA. Iendeshe kwenye kazi nzito nusu saa kabla hujatoa hela.

Ili isijirudie

Tumia UPS au stabilaiza, na msimu wa radi chomoa kabisa ukutani. Juni na Julai, mashine iliyotoka kwenye baridi ikae ndani saa moja kabla ya kuiwasha, unyevu ukauke.