Mtu Mzima wa Pili: Hoja juu ya Uwiano wa Walinzi katika Vizuizi vya Watoto Nchini Marekani

Tangu tarehe 1 Oktoba 2017, kila kituo cha ulinzi mkali kinachozuilia watoto nchini Marekani, kikitaka kuhesabiwa miongoni mwa vituo vilivyotimiza kanuni zilizotolewa na serikali kuu mwaka 2012 chini ya Sheria ya Kukomesha Ubakaji Magerezani ya mwaka 2003, kimewajibika kuwa na mlinzi 1 kwa kila watoto 8 katika saa za kuwa macho, na mlinzi 1 kwa kila watoto 16 katika saa za kulala. Wala hawahesabiwi humo mwalimu, mpishi au mganga, ila wale tu ambao ulinzi ndio kazi yao hasa. Hesabu hii, kwa kuwa ni nyepesi kutamkika na nyepesi kukaguliwa, imepata watetezi wengi, na hoja yao aghalabu huwa ni hii: kwamba dhuluma ndani ya vizuizi huzaliwa na uchache wa macho, kwa hiyo ukizidisha macho umepunguza dhuluma. Makala haya yanakusudia kuipinga hoja hiyo, si kwa kudai kwamba idadi ya walinzi haina maana, bali kwa kuonyesha kwamba uwiano unamsimamia mtoto peke yake na kumwacha anayemsimamia mtoto bila msimamizi, ilhali ushahidi tulio nao unasema kwamba hatari iliyo kubwa zaidi hutoka upande huo wa pili.

Katika mambo ambayo wataalamu hawagombani sina haja ya kukawia. Gresham Sykes, katika kitabu chake cha mwaka 1958 juu ya jela ya New Jersey, alibainisha jinsi mlinzi anavyolazimika kufanya mapatano ya chini kwa chini na wafungwa ili zamu yake ipite salama. Howard Polsky, mwaka 1962, alionyesha jinsi watu wazima waliowekwa kuliongoza bweni la wavulana watukutu walivyoishia kuutumikia ubabe ambao wavulana hao walijipangia wenyewe. Na Bartollas, Miller na Dinitz, mwaka 1976, walieleza habari za kituo cha Ohio ambamo wanyonge waliteswa na wenye nguvu huku baadhi ya wafanyakazi wakijua. Wote hawa, kila mmoja kwa njia yake, wanakutana katika neno moja, kwamba mtu mzima aliyeachwa peke yake na waliofungiwa hugeuzwa na mahali pale pole pole, pasipo yeye mwenyewe kutambua. Mzozo huanza pale inapoulizwa dawa, na hapo ndipo wenye kusifu uwiano wanapoyaweka kando mafunzo hayo na kusema kana kwamba mlinzi ni taa: ukiongeza taa, giza limepungua.

Tuitazame basi hoja yao mbele ya takwimu ambazo wao wenyewe hupenda kuzitaja. Katika miaka ya 2008 na 2009 ofisi ya takwimu ya wizara ya sheria ya Marekani iliwauliza watoto wenyewe, kwa siri na pasipo kutaja majina, katika vituo 195, yale yaliyowapata katika miezi 12 iliyotangulia. Asilimia 12 hivi walisema wamedhulumiwa kijinsia. Lau hatari ingelikuwa ni mtoto kwa mtoto, kama uwiano unavyochukulia, tungetarajia sehemu kubwa ya lawama imwangukie mtoto mwenzao. Kumbe waliomtaja mtoto mwenzao walikuwa asilimia 2.6 tu, na waliomtaja mfanyakazi walikuwa asilimia 10.3. Fauka ya hayo, katika watoto hao waliomtaja mfanyakazi, 95 katika kila 100 walimtaja mwanamke, ingawa wanawake walikuwa chini ya nusu ya wafanyakazi wa vituo vya majimbo. Siitaji hesabu hii ili kuwashutumu wanawake, maana kosa ni la mwenye kulitenda. Naitaja kwa sababu inavunja dhana iliyowakaa watu wengi, kwamba mwovu hutambulikana kwa sura yake. Tena waliosema kwamba hawakutumiwa nguvu wala vitisho walikuwa wengi kuliko waliosema walilazimishwa, nayo ni habari inayostahili kupimwa kwa makini, kwa kuwa sheria haimhesabu mtoto aliye kizuizini kuwa na uwezo wa kumridhia mlinzi wake, na kwa kuwa yaonyesha kwamba jambo hili aghalabu halianzi kwa ghadhabu, bali kwa upendeleo, kwa zawadi ndogo, kwa siri za nyumbani zinazosimuliwa usiku, na kwa kosa la mtoto linalofichwa ili naye afiche. Kikulacho ki nguoni mwako.

Watetezi wa uwiano hujibu kwamba hata hivyo mambo yamekuwa mema zaidi, kwani uchunguzi wa mwaka 2018, yaani mwaka mmoja baada ya uwiano kuanza kushurutishwa, ulipata asilimia 7.1 tu. Ni kweli, lakini wanasahau kwamba uchunguzi wa kati, uliofanywa mwaka 2012, ulikuwa umekwisha kushuka mpaka asilimia 9.5, nao ulifanywa katika mwaka ule ule ambao kanuni zilikuwa ndiyo kwanza zinachapishwa, kabla kanuni hizo hazijakilazimisha kituo chochote kuajiri mlinzi mmoja zaidi. Sababu haiwezi kuja nyuma ya matokeo yake. Tena katika muda huo, na hata kabla yake, idadi ya watoto waliowekwa vizuizini na katika makazi ya namna hiyo nchini humo ilipungua sana, kutoka zaidi ya 108,000 mwaka 2000 hadi kama 37,500 mwaka 2018, na mwenye kutaka kuusifu uwiano kwa nafuu hiyo imempasa kwanza autenge na mabadiliko hayo yote. Na katika mwaka 2018 wenyewe, asilimia 5.8 walimtaja mfanyakazi, na 1.9 walimtaja mtoto mwenzao: jumla imepungua, lakini upande unaotoka hatari haukubadilika.

Lakini ushahidi ninaouthamini kuliko wote hauhitaji uchunguzi wa nchi nzima; watosha kalamu na karatasi. Tuseme bweni lina vijana 16. Mchana kanuni inadai walinzi 2. Usiku, vijana wakiisha kulala, mlinzi 1 anatosha. Maana yake ni kwamba katika saa zile ambazo mashahidi wote wamefumba macho, ambazo mkuu wa kituo yuko nyumbani kwake, mwalimu ameondoka na wazazi hawaruhusiwi kuzuru, kanuni imeridhika kumweka mtu mzima mmoja, mwenye funguo mkononi, peke yake na watoto 16. Lipunguze bweni liwe la vijana 8, kama wanavyopendekeza wengi kwa nia njema kabisa, na upweke huo unaenea mchana kutwa pia: mlinzi mmoja, watoto wanane, na kanuni imetimia. Basi hapa pana ajabu ambayo watetezi wa uwiano hawajaijibu, kwamba kadiri kundi linavyokuwa dogo, jambo ambalo kwa sababu nyingine ni la kheri, ndivyo uwiano unavyomruhusu mtu mzima kubaki bila shahidi. Uwiano unawahesabu watoto walio mbele ya mtu mzima. Watu wazima walio mbele ya mtu mzima hauwahesabu kabisa.

La kusikitisha ni kwamba dawa imeandikwa katika kanuni ile ile, aya chache tu chini ya uwiano. Huko inaamriwa kwamba wasimamizi wa daraja la kati na la juu wafanye ziara za ghafula mabwenini, usiku na mchana, waziandike daftarini, na kwamba mfanyakazi yeyote ni marufuku kumpasha mwenzake habari kwamba mkubwa yuko njiani. Kanuni inayofuatia inamtaka mfanyakazi wa jinsia isiyo ya watoto wa bweni lile atangaze kuingia kwake. Ukiziweka kanuni hizi mbili pamoja unapata falsafa nzima ya usimamizi: mlinzi aendapo kwa mtoto, apige hodi, mkubwa aendapo kwa mlinzi, asipige. Staha yamwendea mtoto kwa kuwa ndiye mnyonge, na hadhari yamwendea mlinzi kwa kuwa ndiye mwenye funguo. Hata hivyo, aya hiyo ya ziara haina nambari ya kupendeza, wala haiombi fedha za bajeti, na kwa hiyo katika mijadala ya sera hutajwa kwa haraka kama jambo la taratibu za ofisi, ilhali ndiyo roho ya jambo lenyewe.

Mpinzani wangu atasema kwamba habari za Texas zinanipalia makaa. Mwezi Februari 2007 ilitangazwa hadharani kwamba katika shule ya West Texas State School, mjini Pyote, vijana walikuwa wamedhulumiwa si na walinzi wa mabweni bali na wakubwa, akiwamo naibu mkuu wa shule, ambaye mahakama ilimtia hatiani mwaka 2010. Wafanyakazi wa chini walikuwa wamelalamika, na malalamiko yao yakapanda ngazi na kukwama, mpaka mwaka 2005 mtu mmoja aliyekuwa akifundisha kwa kujitolea alipompelekea habari askari wa upelelezi wa jimbo. Na hata baada ya hapo mashtaka yalikaa kimya karibu miaka miwili. Je, jicho la mkubwa lafaa nini, ikiwa mkubwa ndiye mwovu? Hoja ina uzito, lakini inaukata uwiano kabla ya kunikata mimi: hata bweni lingalikuwa na walinzi watatu, wote wangalimfungulia mlango naibu mkuu alipoamuru. Inalofundisha Pyote ni kwamba ngazi ya usimamizi haiwezi kuishia ndani ya ukuta, na kwamba mtu mzima wa pili wa mkuu wa kituo lazima awe wa nje. Bunge la Texas lilielewa hivyo mwaka ule ule wa 2007, kwani sheria liliyoipitisha, pamoja na kuweka uwiano wa mlinzi 1 kwa vijana 12 na mafunzo ya saa 300, iliunda ofisi huru ya kuwatetea watoto. Kisha katika usimulizi wa wengi uwiano ukabaki na ofisi ile ikasahauliwa.

Upinzani wa pili una haki zaidi, nami naukubali kwa kiasi. Texas hiyo hiyo, mwaka 2022, ilipungukiwa na walinzi hata watoto wakafungiwa vyumbani karibu siku nzima, wengine wakijisaidia ndani ya chupa za maji. Na mahali pa namna hiyo ziara ya ghafula itakuta nini ila milango iliyofungwa? Bila watu, usimamizi haupo. Lakini hilo laonyesha kwamba idadi ni sharti la kuanzia tu. Wale nao wasemao kwamba kumchungulia mlinzi huua imani kati ya wenzi wa kazi na waitazame Missouri, ambayo mwaka 1983 iliifunga shule yake kuu ya Boonville, iliyokuwako tangu 1889, ikawagawa vijana katika makundi ya 10 hadi 12 chini ya timu ya watu wazima wanaofanya kazi pamoja: huko kuonwa na mwenzako ndiyo desturi ya kila siku, na ndimo imani inamopata mizizi.

Kwa nchi zetu somo liko karibu kuliko tunavyodhani. Kenya iliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto mwaka 1990 na Tanzania mwaka 1991, na Kanuni za Umoja wa Mataifa za Desemba 1990 juu ya watoto walionyimwa uhuru hazikutaja uwiano wowote wa nambari; zilitaja wakaguzi wasio wa uongozi wa kituo, wenye mamlaka ya kukagua mara kwa mara na ya kuingia ghafula kwa hiari yao wenyewe. Kwa hiyo mtunga sheria au mkuu wa kituo chochote, kuanzia Irambo huko Mbeya hadi Shimo la Tewa na Shikusa nchini Kenya, atakayeshawishiwa kuiga hesabu ya Marekani kana kwamba ndiyo kilele cha ustaarabu, na aanze mwisho wa kanuni badala ya mwanzo wake: aamuru kwamba pasiwepo saa, ya mchana wala ya usiku, ambayo mtu mzima mmoja atakuwa na watoto pasipo mwingine kuweza kumwona; aamuru daftari la ziara za ghafula lisomwe na mtu asiyelipwa na kituo; kisha ndipo ahesabu walinzi. Na kituo kisichoweza kulionyesha daftari hilo likiwa limejazwa kwa mikono ya watu wawili tofauti, hata kingekuwa na mlinzi kwa kila mtoto, hakistahili kupokea mtoto.