Mapatano ya Majirani

 

Wazee husema: ahadi ni deni. Mtu akitia sahihi mkataba kwa hiari yake, twamtaka autimize. Lakini je, kila mapatano yaweza kupelekwa mahakamani ili serikali iyatilie nguvu? Sikilizeni habari ya nyumba moja huko St. Louis, katika jimbo la Missouri, Marekani.

Mwaka 1911, katika mtaa wa Labadie Avenue, wenye nyumba 30 kati ya 39 walipatana kwa maandishi kwamba kwa muda wa miaka 50 mtu asiyekuwa mzungu asikae katika nyumba zao. Sharti hilo lilifuata nyumba. Hata nyumba ikiuzwa mara nyingi, mnunuzi naye alifungwa nalo, ingawa hakutia sahihi yake.

Mwaka 1945 Bwana J. D. Shelley na mkewe Ethel, watu weusi wenye watoto sita, walinunua nyumba katika mtaa huo. Hawakujua habari ya sharti lile. Louis Kraemer na mkewe, wakisaidiwa na chama cha wenye nyumba, wakawashtaki ili waondolewe. Mahakama ya kwanza ilikataa, kwa kuwa si wote waliotia sahihi. Lakini mwaka 1946 mahakama ya juu ya jimbo ikawapa Kraemer haki.

Basi kesi ikafika Mahakama ya Juu ya Marekani, mjini Washington. Tarehe 3 Mei 1948 majaji sita walioisikiliza walitoa hukumu kwa sauti moja. Walisema hivi: watu wakifuata mapatano yao wenyewe kwa hiari, Katiba haiwagusi. Lakini wakiomba amri ya mahakama, hapo serikali imeingia, na Katiba hairuhusu jimbo kumnyima mtu ulinzi sawa wa sheria. Tena, muuzaji alitaka kuuza na mnunuzi alitaka kununua. Ni nguvu ya mahakama tu ambayo ingevunja hiari yao.

Familia ya Shelley ikabaki nyumbani kwake. Hata hivyo wengi waliendelea kufuata masharti ya namna hiyo, mpaka sheria ya mwaka 1968 ilipokataza ubaguzi katika kuuza na kupangisha nyumba.

Kumbukeni basi: sahihi ni ya mtu mwenyewe, lakini mahakama ni ya watu wote, hata wale ambao mkataba unawafukuza.

Maswali ya kujadiliana darasani:

1. Sharti la mwaka 1911 liliwafungaje watu wasiotia sahihi?
2. Majaji walitofautishaje mapatano na amri ya mahakama?
3. Je, chama chenu kina sharti ambalo msingependa mahakama ilitilie nguvu? Kwa nini?