Mzungu wa Nne Wodini: Miaka 130 ya Kugombea Kitanda cha Hospitali

Mgeni akiulizia mgonjwa wake Hospitali ya Taifa Muhimbili huelekezwa kwa majina ya majengo: Mwaisela, Kibasila, Sewahaji. Hilo la mwisho ni la Sewa Haji Paroo, tajiri wa Kihindi wa Bagamoyo aliyejipatia mali kwa kuihudumia misafara ya bara, akiitafutia wapagazi na kuiuzia vifaa vya safari. Katika miaka ya 1890 alitoa fedha ili Dar es Salaam ipate hospitali ya Waafrika na Waasia. Alifariki mwaka 1897, wakati Wajerumani wakikamilisha hospitali yao ya ufukweni, ambayo leo ni Taasisi ya Saratani Ocean Road. Mji mdogo ukawa na hospitali mbili: moja ya Wazungu wachache, yenye upepo wa bahari, na nyingine ya watu wengine wote.

Mgawanyo huo uliweka msingi wa mvutano ambao umedumu hadi leo. Kila zama zimekuwa na jibu lake kwa swali la nani alale hospitalini, alale wapi na kwa muda gani. Na kila zama, baada ya kuhesabu vitanda vyake, zimejikuta na wagonjwa wanaolala mzungu wa nne, kichwa cha huyu kwenye miguu ya yule.

Waingereza waliochukua nchi baada ya Vita Kuu ya Kwanza hawakuubadili sana utaratibu walioukuta. Hospitali ya Sewa Haji iliendelea kubeba mzigo wa walio wengi hadi miaka ya 1950. Oktoba 1956, Binti Mfalme Margaret wa Uingereza alipoizuru Tanganyika, hospitali mpya ya Upanga ilifunguliwa na kupewa jina lake. Baada ya uhuru jina la binti mfalme liliondoka, Muhimbili likabaki. Mwaka 1963 mafunzo ya udaktari yakaanzia hapo. Nchi ilikuwa na njaa kubwa ya wataalamu: Mwalimu Nyerere alipenda kukumbusha kwamba Waingereza waliondoka wakiacha madaktari wazalendo 12 tu.

Hospitali moja au vituo vingi?

Hata kabla ya uhuru kutimiza miaka mitatu, serikali ilikuwa na ripoti mezani iliyouliza swali gumu. Mwandishi wake mkuu alikuwa Richard Titmuss, msomi wa Uingereza wa sera za jamii, na ripoti ilichapishwa mwaka 1964. Ushauri wake ulikuwa kwamba nchi maskini yenye watu waliotawanyika vijijini isimalize fedha zake kwenye hospitali kubwa za mijini. Iwekeze kwenye vituo vya afya na zahanati, ambako malaria, kuhara na uzazi vingeshughulikiwa kabla hali ya mgonjwa haijawa mbaya.

Utekelezaji haukuja mara moja. Hospitali ina kishindo chake: ina jengo, ina jiwe la msingi, na kila mkoa unaitaka. Ilibidi Azimio la Arusha la 1967 lipite, na uamuzi wa TANU mwanzoni mwa miaka ya 1970 wa kuipa afya ya vijijini kipaumbele, ndipo bajeti ikaanza kugeuka. Oscar Gish, mtaalamu wa mipango aliyefanya kazi katika Wizara ya Afya, aliueleza mgeuko huo katika kitabu alichokichapisha mwaka 1975. Hoja yake ilikuwa ya kihasibu: ukijenga kitanda kimoja cha rufaa unabeba gharama ya kukiendesha mwaka hadi mwaka, na gharama hiyo inatoka kwenye mfuko uleule wa zahanati.

Tanganyika ilipata uhuru ikiwa na vituo vya afya vya vijijini 22. Kufikia 1980 vilikuwa 239. Hospitali za rufaa nazo hazikusahauliwa, ila nyingi zilisimama kwa ushirikiano na makanisa. KCMC ya Moshi na Bugando ya Mwanza zilifunguliwa mwaka 1971. Wilayani, hospitali nyingi za misheni zikawa hospitali teule, serikali ikichangia mishahara na dawa nazo zikiwapokea wagonjwa wote. Mwaka 1977 sheria ikazuia hospitali za watu binafsi za kujipatia faida, na mwananchi wa kawaida akabaki na milango miwili tu, wa serikali na wa dini, hadi sheria hiyo ilipolegezwa mwaka 1991.

Mpango huo ulikuwa na upande wake wa pili. Wakati vijiji vikipata zahanati, Dar es Salaam ilikuwa inafura. Sensa ya 1967 ilihesabu wakazi wapatao 273,000, na ile ya 2002 ikawakuta karibu milioni 2.5. Kwa miaka mingi katikati ya sensa hizo mbili, mkazi wa Manzese au Mbagala aliyehitaji kulazwa hakuwa na ngazi ya kati ya kuaminika. Alitoka zahanati ya mtaani na kwenda moja kwa moja Muhimbili, hospitali iliyokusudiwa wagonjwa mahututi wa nchi nzima. Katika miaka ya 1990, kwa msaada wa Uswisi, huduma za afya za jiji zilifufuliwa, na Amana, Temeke na Mwananyamala zikakuzwa hatua kwa hatua. Mwaka 2010 zilipandishwa na kuwa hospitali za rufaa za mkoa.

Hesabu ya zamu ya usiku

Ili kuelewa kwa nini kuongeza vitanda pekee hakujawahi kutosha, itazame kazi moja isiyotangazwa. Kila siku muuguzi wa zamu ya usiku hufunga hesabu ya wodi: waliokuwepo jana, waliolazwa leo, walioruhusiwa, waliohamishwa, waliofariki. Wanaobaki ndio anaowakabidhi asubuhi. Ikiwa wodi ina vitanda 30 na wagonjwa waliobaki ni 45, basi 15 wako sakafuni au wanalala wawili wawili. Takwimu za namna hii hukusanywa wodi kwa wodi na kupandishwa wilayani, mkoani na wizarani kwa njia ya MTUHA, mfumo wa taarifa za afya ulioanza kutumika nchini miaka ya 1990.

Ndani ya hesabu hiyo kuna namba nyingine ambayo wanasiasa huitaja kwa nadra, nayo ni siku za kulala. Tuchukue wodi ya vitanda 30. Kila mgonjwa akilala siku 10, wodi hiyo inaweza kupokea wagonjwa wapya watatu kwa siku. Akilala siku tano, inapokea sita. Uwezo umeongezeka maradufu na hakuna fundi aliyeitwa kujenga chochote.

Mfano mzuri uko kwenye wodi za mifupa. Mtu aliyevunjika paja zamani alilazwa chali, mguu ukivutwa na uzito unaoning'inia kwa kamba mwisho wa kitanda, kwa wiki sita na wakati mwingine hata 12. Hageuki, haendi msalani, na ndugu lazima awepo. Akifanyiwa upasuaji na kuwekewa chuma ndani ya mfupa, baada ya siku chache anaondoka na magongo yake. Lakini chuma hicho kinahitaji chumba cha upasuaji, mtaalamu wa usingizi na damu ya akiba. Pasipo hivyo, mgonjwa anakaa kitandani akisubiri zamu yake ya upasuaji. Pikipiki za bodaboda zilipojaa barabarani, wodi za majeruhi zilifurika kwa sababu zote mbili: walioumia waliongezeka, na kila mmoja alilala muda mrefu.

Kifua kikuu kilifundisha somo hilo mapema zaidi. Kibong'oto, mkoani Kilimanjaro, ilianza miaka ya 1920 kama mahali pa kuwatenga wagonjwa wa kifua, na wakati huo kulazwa kulihesabiwa kwa miezi. Mpango wa Taifa wa Kifua Kikuu na Ukoma ulioanza mwaka 1977, kwa ushauri wa daktari Karel Styblo, mzaliwa wa Chekoslovakia, ulileta tiba ya muda mfupi. Hata hivyo miezi miwili ya mwanzo wagonjwa wengi walilazwa ili sindano na vidonge vyao visimamiwe. Utaratibu wa Tanzania ukawa miongoni mwa misingi ya mkakati wa Shirika la Afya Duniani wa miaka ya 1990. Baadaye mgonjwa akaruhusiwa kumeza dawa nyumbani huku ndugu akimsimamia. Vitanda vingi vya kifua vikawa wazi, na bado watu walipona.

Wanaotoka na wanaoingia

UKIMWI ulikwenda kinyume. Wagonjwa wa kwanza nchini waligunduliwa Kagera mwaka 1983. Kufikia miaka ya 1990 wodi za magonjwa ya ndani zilijaa watu waliokonda, waliolazwa, wakaruhusiwa na kurudi tena baada ya wiki chache. Ni kipindi hichohicho serikali ilipoanza, mwaka 1993, kuwatoza wagonjwa uchangiaji wa gharama katika hospitali za umma, kwa kuanzia na kubwa. Wajawazito, watoto wa chini ya miaka mitano na wasiojiweza waliwekewa msamaha, japo wengi walijifunza kwamba msamaha wa kwenye karatasi si lazima uwe na dawa dirishani. Dawa za kufubaza virusi zilipoanza kutolewa bure mwishoni mwa 2004, mgonjwa wa kitandani akageuka mgonjwa wa kliniki. Hakuna jengo lolote lililopunguza msongamano wodini kama vidonge hivyo.

Wodi ya watoto nayo ina kisa chake. Msimu wa mvua ulikuwa msimu wa dripu za kwinini na damu ya haraka, watoto wawili au watatu kitanda kimoja, mama zao wamekaa ukingoni. Baada ya vyandarua vyenye dawa, vipimo vya haraka na dawa ya mseto kusambazwa, hali ilibadilika. Utafiti wa kitaifa wa 2007/08 ulikuta vimelea vya malaria kwa takriban asilimia 18 ya watoto wa chini ya miaka mitano. Ule wa 2022 ulikuta asilimia 8.

Nafasi zilizopatikana hospitalini hata hivyo hazikukaa wazi. Mwaka 2004/05 chini ya nusu ya akina mama, asilimia 47, walijifungulia kwenye kituo cha huduma. Mwaka 2022 walikuwa asilimia 81. Huo ni ushindi wa miongo miwili ya kuwahimiza wajawazito wasijifungulie nyumbani, na ndio huohuo uliojaza wodi za wazazi. Kenya ilionja jambo hilo kwa ghafla zaidi: Juni 2013 ada za kujifungua katika hospitali za umma zilipofutwa, akina mama walimiminika kuliko wakunga na vitanda vilivyokuwepo.

Vitanda vya karamu

Mwaka 2015 suala hili lilitoka wodini na kuingia kurasa za mbele. Novemba 9, siku chache baada ya kuapishwa, Rais John Magufuli alifika Muhimbili bila taarifa na kuwakuta wagonjwa wamelala chini na mashine za uchunguzi zikiwa mbovu. Wiki mbili hazikupita, akaagiza sehemu kubwa ya fedha za hafla ya wabunge inunue vitanda. Muhimbili ikapokea vitanda 300 na magodoro yake. Februari 2016 alirudi, akaona akina mama wamelala sakafuni, akaamuru jengo lililotumiwa na wizara kama ofisi ligeuzwe wodi yao.

Wananchi walishangilia, na walikuwa na haki. Lakini hospitali yenye vitanda vipatavyo 1,500 haiwezi kuwa wodi ya jiji la watu zaidi ya milioni 5. Nafuu ya kudumu zaidi ilitafutwa nje ya lango lake: Mloganzila, yenye vitanda zaidi ya 500 na iliyojengwa kwa mkopo wa Korea Kusini, ilizinduliwa rasmi Novemba 2017. Katika bajeti ya 2018/19 zikatengwa fedha za kuanza ujenzi wa hospitali za wilaya 67.

Majengo yote hayo yanakabiliwa na mtihani ambao nchi iliuona mwaka 2012. Madaktari walipogoma, mwanzoni mwa mwaka na tena Juni, wodi ambazo kwa kawaida hazina pa kukanyaga zilibaki nusu tupu. Wagonjwa waliruhusiwa kabla ya wakati au ndugu wakawachukua. Vitanda vilikuwepo vyote, na shuka zake. Kenya ilipitia hayo kwa siku 100, kuanzia Desemba 2016. Hata pasipo mgomo, hospitali ya wilaya iliyo na vitanda 60, muuguzi mmoja usiku na isiyo na mtaalamu wa usingizi humwandikia rufaa mama mwenye uchungu pingamizi. Kitanda chake cha wilayani kinabaki kitupu, na mkoani mama huyo anakuwa wa pili kwenye kitanda kimoja.

Mwaka 2023 Tanzania ilipata Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Ikitekelezwa ilivyokusudiwa, watu ambao hadi sasa walijizuia nyumbani kwa hofu ya bili watakwenda hospitali, na rejista za kulazwa zitanenepa. Basi waziri atakapokata utepe na kutaja idadi ya vitanda, mwandishi wa habari aliyeko pale aulize mambo matatu: wauguzi wangapi wamepangwa zamu ya usiku, mgonjwa wa kawaida atalala siku ngapi, na ni wangapi watakaotibiwa hapo ambao jana wangepewa rufaa. Majibu ya maswali hayo yameamua nani alale juu na nani alale chini tangu enzi za Sewa Haji, na yanastahili kuandikwa kwenye bajeti kabla ya bei ya godoro.